Nyapara wa Uwanja Wetu

Watu wengi wakitembea huangalia mbele. Yeye aliangalia chini. Ukikutana naye kati ya kizuizi cha mpaka na soko la Busia, wewe ndiye uliyepaswa kumpisha, maana yeye hakukuona. Alikuwa anatafuta. Msumari uliopinda, kipande cha waya, kizibo cha soda, bawaba iliyodondoka kutoka kwenye lori: aliinama, akaokota, akapuliza vumbi, akatia katika mfuko wa kushoto wa koti lake. Mfuko wa kulia ulikuwa wa tumbaku na kitabu cha nyimbo za kanisa. Vitu vya mfuko huu havikuingia mfuko ule.

Vijana waliovusha watu mpakani kwa baiskeli walimtania kila siku.

"Nyapara! Leo umepata nini?"

"Bado sijajua."

"Sasa kama hujui, kwa nini umeokota?"

"Na wewe ukilala njiani, nikuulize kazi yako kwanza ndiyo nikuokote?"

Walicheka mpaka wakashika usukani. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaona kitu kingine mbele yake.

Sisi sote tulimwita Nyapara. Alikuwa amesimamia genge la barabara miaka mingi, Tororo na kwingine, na genge lile lilivunjwa kabla mimi sijajua kusoma. Kazi iliisha, jina likabaki. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, likisomwa katika orodha ya waliojitolea kufagia, nami nikageuka kutazama ni nani huyo mgeni.

Watu waliofanya kazi chini yake walisema zamani alikuwa na sauti ya kusimamisha lori. Akipiga kelele kule Mulanda, walisema, mtu wa Tororo anainua sururu. Mimi nilimfahamu kwa zaidi ya miaka mitano na sauti ile niliisikia siku mbili tu, nitazieleza. Siku nyingine zote aliongea chini chini, kama mtu aliye katika nyumba yenye mtoto aliyelala.

Hakunywa pombe, lakini hakuna mtu Busia aliyekuwa na chupa nyingi kama yeye. Aliziomba nyuma ya vilabu asubuhi, akazipanga katika gunia, akazibeba begani zikigongana. Jumapili moja alipita na gunia lake mbele ya kanisa watu wakiwa wanatoka. Katekista akamwita kando, akamshika mkono kwa huruma, akamwambia kwamba Mungu husamehe hata walevi. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama yeye katekista ana chupa yoyote nyumbani, hasa zile za kijani.

Na huyo aliyejua kupanga kila kitu, kwake hapakupangika. Nyumba yake ilikuwa upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani, na uwanja wake ulikuwa aibu. Mabati yenye kutu, mapipa ya lami, mlango wa gari, matairi, vyungu visivyo na shingo. Mke wake alikuwa mama mnene mwenye maneno makali, na hakujali nani anasikia.

"Huyu mzee anawatengenezea watu uwanja wao," alituambia. "Mimi mke wake napita juu ya mabati kama paka."

"Hiyo ni stoo," Nyapara akasema.

"Stoo ina mlango. Hii ina nyoka."

"Nyoka yuko mmoja tu."

"Unamjua! Mnaamkiana!"

Nadhani alimpenda sana mke yule, lakini sikumwona hata siku moja akimwondolea bati moja njiani.

Kwetu kulikuwa upande wa Uganda, pale mji unapokwisha na mashamba ya muhogo yanaanza. Baba alijenga nyumba ya vyumba viwili yenye bati, akaishi ndani yake miaka minne, akafa. Tulimzika upande wa mashariki wa nyumba. Baada ya hapo uwanja wa nyuma ulikufa pia. Majirani walizoea kumwaga majivu pale. Mtu mmoja akaacha pipa lililotoboka, mwingine akaacha matofali yaliyovunjika, akasema atarudi kuyachukua. Mvua ikinyesha, katikati palikuwa bwawa, na vyura waliimba humo kama kwaya. Mama alikuwa na watoto wawili wa kike, dada yangu na mimi, na bustani ya kunde mbali na nyumba. Nguvu ya kufanya zaidi ya hapo hakuwa nayo.

Kisha dada akapata mchumba, kijana fundi cherehani wa Rubongi, mtu mpole. Watu wake wakaleta ujumbe kwamba watakuja kumwomba baada ya mavuno ya wimbi. Ilibaki kama wiki nne. Kabla hata hatujafurahi vizuri, baba mkubwa akaja. Yeye ni kaka yake baba, anakaa kijijini upande wa ziwa, ana nyumba kubwa na uwanja mpana uliofagiwa. Alisimama nyuma ya nyumba yetu na koti lake jeusi, akaangalia bwawa.

"Bibi yetu," akamwambia mama, "hawa wageni watakuja kwangu."

"Kwa nini, shemeji?"

"Hapa utawakalisha wapi? Juu ya majivu?"

"Mtoto huyu ni wa nani?"

"Wa ndugu yangu."

"Na ndugu yako amelala wapi?"

Baba mkubwa akatazama kaburini. Si mtu mbaya, na macho yake yalilainika. "Amelala hapa. Lakini mtu aliyelala hapokei wageni. Wageni wanapokelewa na uwanja." Akavuta pumzi. "Nitakuja asubuhi ya siku ile. Nikikuta mahali pa kukalisha watu wazima, tutakaa. Nikikuta hivi, nawachukua wote, twende kwangu, na wewe utafuata nyuma."

Alipoondoka, mama alikaa mlangoni akiwa na ungo mapajani na hakupepeta kitu. Nilielewa. Binti akiombwa katika uwanja wa mtu mwingine, watu husema nyumba ya baba yake imefungwa. Hakuna anayeisema kwa ubaya. Huisema kama jambo lililokwisha, na tangu siku hiyo mambo yote ya watoto huamuliwa kule kwingine. Mama alitaka mtoto wake aombwe pale baba yake alipolala. Hakutaka kitu kingine. Lakini hakuwa na uwezo wa kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kesho yake Nyapara alipita nyuma ya nyumba yetu, akasimama, akaanza kutazama lile pipa. Mama alikuwa na hasira ya jana.

"Nyapara! Ukitaka hizo taka, beba zote!"

"Hapana, mama. Sibebi." Akaingia polepole, akizunguka bwawa. "Hapa kuna ukuta, kuna benchi, kuna paa la jiko. Zimelala vibaya tu."

Mama akamweleza habari yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Nyapara hakusema pole wala hakutoa ahadi. Aliuliza kaburi liko wapi. Nikamwonyesha. Akavua kofia, akasimama pale muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhisi aibu, kisha akarudi na kusema, "Mgeni aanzie hapa. Asione nyumba kabla hajamwona mwenyewe." Hivyo ndivyo njia ya kwanza ilivyopatikana. Alichukua fito, akachora mstari kutoka barabarani, ukapita karibu na baba, ukazunguka nyumba mpaka nyuma.

Hakuwa na futi. Alikuwa na kamba yenye mafundo, lakini hata hiyo aliitumia mwishoni tu. Kwanza alipima kwa watu. Alinitwisha beseni la maji akaniambia nipite, nirudi, nipite tena, huku yeye amechuchumaa akitazama viwiko vyangu. Akamtwisha mama mzigo wa kuni. Akampitisha jirani yetu mzee anayetembelea fimbo mbili. Baada ya hapo ndipo alipofunga kamba. "Futi inajua ukuta," alisema. "Haijui mtu mwenye beseni." Mpaka leo ukipita njia ile umebeba kitu, hugusi popote.

Neno lake kubwa lilikuwa "tutaona kazi yake." Ukimuuliza hili la nini, tutaona kazi yake. Na tuliiona. Majivu ya majirani tuliyachanganya na udongo na kinyesi cha ng'ombe, yakawa sakafu ngumu isiyopasuka. Matofali yaliyovunjika yalijaza bwawa. Mapipa aliyapasua kwa patasi, akayanyoosha kwa rungu la mti, yakawa bati la jiko. Kutoka kwa washona kandambili za matairi alileta zile pete zinazobaki wakishakata sehemu ya kukanyagia, maana hawana haja nazo, akazizika nusu ardhini, nasi tukapanda maua ndani yake. Chupa za kijani tulizifukia shingo chini kando ya njia, na asubuhi jua likipita zinawaka. Vizibo vya soda tulivipigilia kwenye ubao mmoja mlangoni, vikawa mahali pa kupangusia tope miguuni.

Lakini kitu ambacho watu walikuja kutazama ni mito. Nyapara alikuwa anajua ghala moja karibu na stesheni ya Tororo ambako mifuko ya saruji ilikuwa imelowa mvua na kuganda. Saruji ikiganda ndani ya mfuko ni jiwe tu, haina kazi kwa fundi, na wenye ghala walitaka mtu wa kuwaondolea. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anarudi Busia bila mzigo alimbebea. Tulibandua karatasi kwa maji. Ndani kulikuwa na mawe yenye umbo la mfuko, yamevimba katikati, na makunyanzi na mshono wa pembeni yote yamebaki. Mama alipoona la kwanza alisema ni mto wa kulalia. Tukayapanga: mengine yakawa msingi wa ukuta, mengine benchi refu la wageni. Ni mimi niliyeyapanga, yeye akisimama na fito yake. Alinifanya nigeuze jiwe moja mara saba.

"Mzee, limekaa vizuri sasa."

"Limekaa vizuri kwako. Likalie."

Nikalikalia. Nikaligeuza mara ya nane.

Dada alikataliwa kabisa kugusa tope. Alitaka kusaidia, Nyapara akamfukuza. "Wewe kaa ndani. Wasije wakasema alijijengea mwenyewe."

Sasa nieleze kosa lake, kwa sababu watu wengi humsifu kana kwamba hakukosea, naye mwenyewe hakupenda sifa za namna hiyo.

Huku kwetu, Wasamia na hata wale Wajopadhola wa Rubongi, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawapishani njiani. Ni heshima, na ni nzito. Kwa hiyo Nyapara alijenga ukuta wa kufika kifuani katikati ya uwanja: huku wageni na benchi lao, huku jiko na mama. Wageni wana njia yao, mama ana mlango wake. Tuliukandika tope, nikauchora kwa vidole mistari kama mawimbi. Ulikuwa mzuri. Zilibaki siku sita.

Mama akaja kuutazama. Alitembea upande wa jiko, akatembea upande wa wageni, akasimama. Kisha akaanza kucheka, akafunika uso kwa kanga, akacheka mpaka akachuchumaa.

"Nyapara," akasema, "mkwe wangu akishikwa na tumbo?"

Nyapara hakuelewa.

"Choo kiko wapi?"

Choo kilikuwa kimoja, na kilikuwa upande wa jiko. Mkwe angetaka kujisaidia angepita katikati ya sufuria, mbele ya mama mkwe, aingie choo anachoingia mama mkwe. Huo ungekuwa mwisho wa kila kitu. Wazee wa Rubongi wangesimama na kuondoka, na wangekuwa na haki.

Sijapata kuona mtu mzima akiaibika hivyo. Alikaa juu ya pipa, kofia mkononi. "Miaka yote nimepanga kambi," akasema. "Kambi ya wanaume. Kambini hakuna mama mkwe."

Mama aliacha kucheka. "Basi imekwisha," akasema kwa sauti ndogo. "Tutaenda kule kwake."

"Nani amesema imekwisha?"

Nyapara alisimama, akaenda kwenye ukuta, akausukuma kwa mguu. Ule tulioukandika siku nne. Tope lilikuwa halijakauka vizuri, likaanguka. Nililia, na sioni haya kusema. Hakunibembeleza. Alitwaa fito akachora upya: ukuta sasa uende kwa kupinda, kama nyoka, na mwisho wake, nyuma kabisa, choo cha pili cha wageni peke yao. Udongo wa shimo utainua mahali palipokuwa bwawa. Kisha akapanda lori kwenda Tororo.

Alirudi asubuhi na wanaume wawili wenye mvi, waliokuwa vijana katika genge lake. Walikuja na sururu zao. Hapo ndipo nilipoisikia ile sauti kwa mara ya kwanza. Mmoja alisimama kidogo kujinyoosha mgongo, na Nyapara akafungua kinywa. Kuku waliruka. Jirani mwenye fimbo mbili alitoka nje kuuliza kama pameungua.

"Nyapara," yule mzee akasema, akiwa na meno mawili tu, "mimi sasa ni babu ya watu. Unanitukana mbele ya watoto?"

"Babu achimbe!"

"Nachimba, nachimba." Akanikonyeza. "Unaona? Hajabadilika. Usiku huu nitalala kama kijana."

Walichimba siku tatu, wakila ugali wa mtama na samaki wa mama, wakiimba nyimbo za genge zenye maneno ambayo mama alitukataza kuyasikia. Mara ya pili kuisikia sauti ile ilikuwa siku hiyo ya mwisho, shimo lilipofika kina. Alipiga kelele "Basi!" na wote tukaacha tulichoshika, hata mama aliyekuwa jikoni. Choo kilizungushiwa bati la mapipa. Ukuta mimi na mama tuliukandika usiku na mchana, tope likikauka juu ya mikono yetu.

Siku yenyewe baba mkubwa alifika mapema, kama alivyosema, na koti lake jeusi. Alikuja akitembea kama mtu aliyekwisha amua. Lakini njia ilimpitisha kwa ndugu yake kwanza. Akasimama pale. Akavua kofia. Akafika nyuma ya nyumba. Alipita njia ya wageni mpaka choo, akachungulia, akarudi. Alibonyeza jiwe moja la benchi kwa kidole.

"Hii mito nani ameshona?"

"Kalia tu, shemeji," mama akajibu kutoka nyuma ya ukuta.

Akakaa. Akakaa tena vizuri zaidi. "Basi," akasema, "leteni maji. Wageni wakifika watanikuta hapa."

Wageni wa Rubongi waliyakalia yale mawe taratibu kama wanaokalia mito ya kweli, na mmoja wao, mzee mnene, alifumba macho kabla ya kushuka, halafu akashangaa hajazama. Mazungumzo yalikuwa marefu. Baba mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Mama alikuwa nyuma ya ukuta, ameketi kwenye kigoda, hakuna anayemwona, na kila neno lilimfikia. Baba mkubwa alipokubali jambo ambalo mama hakulitaka, mama alikohoa. Baba mkubwa akajikuna kidevu, akasema, "Lakini tukifikiri vizuri..." na jambo likageuka. Alikohoa mara tatu siku ile. Mara ya tatu mzee mmoja wa Rubongi akainama kwa mwenzake, akanong'ona kwa sauti ya watu wote kusikia, "Ukuta wa hapa una kifua kibaya."

Watu wakacheka, hata nyuma ya ukuta. Ndivyo dada yangu alivyoombwa kwa baba yake.

Nyapara siku hiyo alikuwepo, amefua koti. Tulimpa kiti akakataa. Tulimpa chakula akala amesimama, mgongo umeegemea bati la choo kipya, akitazama miguu ya wageni inavyopita. Mama alitaka atambulishwe mbele ya watu. Aliposikia hivyo akaondoka kwa njia ya muhogo. Sijui kama ilikuwa unyenyekevu. Wakati mwingine nadhani aliogopa wangemuuliza kuhusu ukuta wa kwanza.

Baada ya hapo watu walianza kuja. Mwanamke mmoja wa sokoni alitaka uwanja kama wetu. Mwalimu mmoja alitaka. Hata baba mkubwa alituma mtu kuuliza mawe yale yanapatikana wapi. Nyapara aliwaambia wote jambo moja: kwanza nionyeshe anayeoga wapi na anayepika wapi na nani hapaswi kumwona nani. Wengine waliona ni maswali ya ukosefu wa adabu. Hakujali. Kwa katekista alitengeneza bustani ya chupa nzuri kuliko ya kwetu, nyingi zikiwa za kijani, na watu walijiuliza zimetoka wapi.

Alikuwa na ukali ambao sikuuelewa. Mara moja nilimletea msumari mpya kabisa, nimeupata umeanguka dukani. Akaukataa. "Huu una mwenyewe. Urudishe." Lakini bawaba za mlango wetu wa jiko najua zilitoka kwenye geti la mtu, na geti lile lilikuwa bado linasimama. Nilipomuuliza, alisema geti lile linafungwa kwa kamba tangu zamani, bawaba zilikuwa zinateseka.

Mara ya mwisho kukaa naye ni mwaka huu. Nilikuwa nimevuka kununua uzi, nikamkuta upande wa Kenya kwa kinyozi, amekaa kwenye kibao nje pamoja na watu watatu, mmoja akinyolewa na wawili wakingoja zamu. Amekonda. Macho yake yana utando kama maziwa. Mke wake alikuwa amekwenda kuzika nyumbani kwao, akamwacha pale ili kinyozi amwangalie. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Nani huyo?"

"Msichana tu, mzee," kinyozi akasema, wembe mkononi. "Anakusalimu."

Nilitaja jina langu, hakulikumbuka. Nikataja la mama. Akageuza sikio.

"Wa ule uwanja wa ng'ambo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kaa. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mwezi uliopita tulikuwa na wageni."

"Wageni gani?"

Niliinamisha kichwa. Kinyozi akacheka. "Mzee, si walikuja kwa ajili yake mwenyewe! Angalia anavyoinamisha kichwa."

Nyapara hakucheka. Alinyoosha mkono akashika mkono wangu, akauliza kwa haraka, "Walipokelewa wapi?"

"Kwetu. Pale pale."

"Baba yako mkubwa?"

"Alifika wa kwanza. Alikwenda moja kwa moja akakaa."

"Na mama yako, walimwona?"

"Hata kivuli hawakukiona."

Akaachia mkono wangu, akapumua. Kisha akamgeukia kinyozi. "Huyu ndiye aliyejenga uwanja ule ninaokuambia."

"Mzee, ni wewe," nikasema.

"Mimi nilikuwa nyapara. Nyapara hajengi. Anasimama, anapiga kelele. Na mara moja alisimama vibaya." Akatikisa kichwa. "Mikono ilikuwa ya huyu."

Kinyozi alishusha wembe, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. Wale watatu wakageuka. Mmoja alikuwa na povu nusu ya kidevu.

"Wewe?" kinyozi akauliza. "Ukuta na yote?"

Kwa kawaida ningenyamaza, nimwache Nyapara aseme.

"Ndiyo, mimi," nikasema. "Ukuta, benchi, na njia zote mbili. Mimi na mama yangu."

"Sema tena," Nyapara akasema. "Huyu wa mwisho hakusikia."

Nikasema tena.